Watoto na Sanaa ya Kuunda Mashine

Mtoto aliyekabidhiwa bisibisi, mota ndogo na betri mbili, akaambiwa aunde kigari kitakachokwenda chenyewe bila ya kusukumwa, amekabidhiwa pia mwalimu wa namna ya peke yake: mwalimu asiyepaza sauti, asiyechapa, asiyesifu kwa upendeleo, na asiyepokea udhuru. Mwalimu huyo ni kile kigari chenyewe. Kikiungwa sawasawa kitakwenda. Kikiungwa kombo kitakaa pale pale, wala hapana maneno matamu, wala machozi, wala hadhi ya baba wa mtoto, itakayokishawishi kuondoka. Katika jambo hili dogo ndimo ilimo siri ya karakana za roboti na uhandisi wa watoto, ambazo kwa miaka ya karibuni zimeenea katika nchi nyingi za dunia, na ambazo wazazi wengi huzitazama kwa mshangao uliochanganyika na shaka, wakijiuliza kama ni elimu hasa au ni mchezo wa gharama uliovishwa joho la elimu.

Roboti, kwa maana itutoshayo hapa, ni mashine yenye mambo matatu: hisi, shauri na kitendo. Feni ya darini huzunguka chumba kikiwa na joto au baridi, kikiwa na watu au kitupu, kwa kuwa haina njia ya kujua lolote; hiyo ni mashine, lakini si roboti. Ifungie kihisi kinachopima joto, uiunge na kompyuta ndogo iliyopewa kanuni kwamba joto likizidi kiasi fulani mota iwashwe na likipungua izimwe, na papo hapo umeipandisha daraja. Kila roboti, iwe ile iungayo mabodi ya magari viwandani au ile ya mtoto itambaayo juu ya meza, imesimama juu ya nguzo hizo tatu, na mtoto aliyezifahamu kwa mikono yake haitazami tena lifti, taa za barabarani wala mlango ujifunguao kama miujiza.

Sanaa hii si ya jana. Mwaka 1206, katika mji wa Diyarbakir ulioko leo nchini Uturuki, mhandisi aitwaye Ismail bin al-Razzaz al-Jazari, aliyekuwa katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq, alikamilisha kitabu kilichoeleza vyombo vipatavyo 50, miongoni mwake saa za maji, mitambo ya kupandisha maji, vyombo vilivyommiminia maji mtu wa kutawadha pasipo mtumishi kushika birika, na mashua yenye sanamu za wapiga muziki waliowatumbuiza wageni wa mfalme. Hakuandika ili kujionesha. Aliandika vipimo, vifaa na taratibu za kuunganisha, ili fundi atakayekuja baada yake aweze kuunda tena kile kilichoundwa, kwani yeye aliona kuwa elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa vitendo hubaki ikining'inia baina ya ukweli na uwongo. Shauri hilo, lililotoka kwa mtu aliyechafua mikono yake kwa shaba na udongo zaidi ya miaka 800 iliyopita, lingeweza kubandikwa mlangoni pa karakana yoyote ya watoto leo.

Hata hivyo al-Jazari aliwaandikia mafundi na wafalme. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuitia sanaa hii mikononi mwa watoto alikuwa mzaliwa wa Afrika: Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, akawa mtaalamu wa hisabati na mpinzani wa siasa ya ubaguzi wa rangi, kisha akahamia Ulaya, ambako tangu 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa elimu ya ukuaji wa akili za watoto. Papert mwenyewe ameeleza kuwa tangu utotoni alipenda gia za magari upeo wa kupenda, na kwamba baadaye, alipokutana darasani na majedwali ya kuzidisha na milinganyo ya hesabu, alizifikiria zile gia akazizungusha akilini mwake, na mambo yaliyowashinda wenzake yakawa kwake mepesi. Kutokana na hayo alishika imani moja iliyomwongoza maisha yake yote: kwamba mtoto hujifunza vyema anapokuwa anaunda kitu akipendacho, kitu kinachoweza kuoneshwa kwa wengine na kutengenezwa upya kikikosewa.

Mwaka 1967, baada ya kuhamia Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Papert pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto, na haukupita muda lugha hiyo ikapewa mwili: roboti ya magurudumu iliyoitwa kobe, iliyotambaa sakafuni huku ikiburuta kalamu na kuacha mchoro kila ilikopita. Mtoto atakaye mraba humwamuru kobe aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, na arudie hivyo mara nne. Matata huanza kwenye pembetatu. Watoto wengi, kwa kuwa wamekariri darasani kuwa pembetatu yenye pande zilizo sawa ina pembe za nyuzi 60, humwamuru kobe ageuke nyuzi 60. Kobe hutii kama alivyoamriwa, na badala ya pembetatu huchora pande tatu za pembesita isiyofungika. Hapo ndipo mtoto huambiwa ainuke atembee yeye mwenyewe njia ile, na miguu yake ndiyo imfundishayo kwamba afikaye nchani hageuki kwa kadiri ya pembe ya ndani, bali kwa kadiri ya ile ya nje, yaani nyuzi 120. Mwalimu angaliweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingalisahauliwa kabla ya kengele ya mapumziko.

Mwaka ule ule wa 1967, mwezi wa Machi, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ambamo alilalamikia shule zilizomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwamba kazi ya mikono ni ya wale walioshindwa mtihani, akataka kila shule iwe na shamba au karakana iliyo sehemu ya masomo yenyewe. Sidai kwamba watu hao wawili walipeana shauri. Mmoja alikuwa akifikiri juu ya akili ya mtoto, na mwingine juu ya uhai wa taifa changa la wakulima. Lakini walilolikataa lilikuwa moja: utengano wa kichwa na mkono. Na kama shauri la Mwalimu halikuzaa kila lilichotarajiwa kuzaa, sababu moja ni kwamba katika shule nyingi kazi ya mikono ilibaki kuwa kazi tu. Jembe lilipigwa na vibarua wadogo waliovaa sare, bila ya swali, bila ya kipimo, na bila ya hesabu ya kilichovunwa na sababu yake. Kazi ya mikono huwa elimu pale tu mtendaji anapotakiwa kufikiri juu ya anachokitenda.

Tuchungulie basi ndani ya karakana ya roboti, tuone kufikiri huko kunavyokuja. Meza moja, watoto wanne wa umri wa miaka 10 hadi 12, na kazi waliyopewa ni kuunda kigari kitakachofuata utepe mweusi uliobandikwa juu ya karatasi nyeupe. Kigari kina mota mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na mbele chini ya tumbo lake kimefungwa vihisi viwili, kimoja kila upande wa utepe. Kila kihisi hutoa miale isiyoonekana kwa jicho, ya jamii ile ile itumiwayo na rimoti ya televisheni; karatasi nyeupe huirudisha miale hiyo, na utepe mweusi huimeza. Kanuni ni nyepesi kusema: kihisi cha kushoto kikiona weusi, gurudumu la kushoto lisimame ili kigari kielekee kushoto; cha kulia kikiona weusi, lisimame la kulia; visipoona weusi, magurudumu yote yaende.

Wanakiwasha, na kigari chaanza kujizungusha mahali pamoja bila ya kwenda mbele wala nyuma. Kicheko, kisha ghadhabu, kisha mmoja wao apaza sauti, "Mwalimu, yetu imeharibika!" Mwalimu hatii mkono. "Haijaharibika, wanangu," ajibu, "inafanya mlichoiambia. Tazameni vizuri kila gurudumu linakwenda wapi." Wanakiinua juu, wanakitazama, na wanagundua kuwa gurudumu moja laenda mbele na lingine larudi nyuma, kwa sababu mota mbili zilizopeana mgongo, zikiungwa waya kwa namna moja, huzunguka kwa kupingana. Msichana mmoja azichomoa nyaya mbili za mota ya kulia, azibadilisha, na kigari chaenda mbele. Jambo hilo kuhusu umeme, kwamba ukigeuza njia ya mkondo mota ya betri hugeuza mzunguko wake, limo katika vitabu vya fizikia. Lakini watoto hawa wamelipata kwa kulihitaji.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi. Kigari kilichofuata utepe vizuri ndani ya chumba chapelekwa barazani kioneshwe kwa wenzao, na huko chapotea, chauvuka utepe, chaingia majani. Baadhi wanasema betri zimekwisha, wengine wanalaumu aliyekibeba. Mwalimu awaambia wakiunge tena kwenye kompyuta wasome namba zitokazo kwenye vihisi, ambazo katika bamba dogo la kompyuta lililomo ndani ya kigari chao huwa baina ya 0 na 1023. Na wanaona kuwa namba ya weupe na namba ya weusi, zilizokuwa zikiachana sana ndani ya chumba, sasa zimekaribiana hata haziwezi kupambanuliwa. Wanakitia kivuli kwa daftari, na namba zinaachana tena. Basi jua ndilo lililoingilia, kwa kuwa nalo lina miale ile ile isiyoonekana, na kihisi hakijui kutofautisha miale yake na ya jua. Dawa yake ni kipande cha boksi kilichokatwa kikawa pazia la kukinga vihisi pembeni, gharama yake bure.

Ameona kila mwenye macho yaliyofanyika hapo. Watoto wameweka dhana, wameijaribu, wameitupa, wameweka nyingine, na wameithibitisha kwa kipimo. Nayo ndiyo kazi yote ya mwanasayansi, tofauti ikiwa ukubwa wa meza tu. Hapana aliyefedheheshwa kwa kukosea, kwa sababu kosa halikuwa alama nyekundu ya kufungia mjadala, bali habari mpya ya kuufungulia. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa kupotea njia ndiko kujua njia, lakini shule zetu nyingi zimejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume chake, kwamba aliyepotea apewe sifuri na msafara uendelee.

Hesabu nayo huja kwa mlango huo huo. Mota ndogo huzunguka kwa kasi kubwa lakini haina nguvu, na kigari kilichofungiwa gurudumu moja kwa moja kwenye mota hushindwa kupanda hata ubao ulioinamishwa kidogo. Watoto hupewa gia ya meno 8 na gia ya meno 40, wakaambiwa ile ndogo iisukume kubwa: ndogo huzunguka mara 5 ndipo kubwa ikamilishe mzunguko mmoja, kasi hupungua mara 5, na nguvu ya kuzungusha, ukiacha kiasi kinachopotea kwa msuguano, huongezeka mara 5. Kigari chapanda mlima kikijikongoja. Uwiano, somo linaloliza watoto wengi, hapo una uzito unaoshikika kwa kidole.

Vifaa vya kazi hii vimekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa zamani za kobe wa Papert. Mwaka 1998 kampuni ya LEGO ya Denmark ilitoa seti ya roboti ya watoto iliyopewa jina la kitabu cha Papert cha mwaka 1980, Mindstorms; seti nzuri, lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa shule nyingi. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi waliunda bamba dogo la kompyuta liitwalo Arduino, wakaamua kuuweka mchoro wake wazi ili atakaye aunde lake. Na kwa sababu hiyo nakala zake leo huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji mingi. Mwaka 2007 chuo kile kile cha Massachusetts kilitoa Scratch, programu ya bure ambayo kwayo mtoto hupanga amri kwa kuunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika, na amri hizo aweza kuzisoma kwa Kiswahili. Mwaka 2016 Shirika la Utangazaji la Uingereza liligawa bure vibamba vya micro:bit vipatavyo milioni moja kwa wanafunzi wa nchi hiyo wa umri wa miaka 11 na 12. Ni kibamba cha sentimita 4 kwa 5, chenye taa ndogo 25, vitufe viwili, na kihisi cha mwendo.

Lakini asidhani mtu kwamba pasipo vitu hivi hapana karakana. Katika miaka ya 1970 profesa Woodie Flowers wa chuo cha Massachusetts alikuwa akiwapa wanafunzi wake wa uhandisi mfuko wa vikorokoro, kila mmoja mfuko wa namna moja, akiwataka waunde kwavyo mashine ya kushindana na za wenzao. Kutokana na shindano hilo la vikorokoro mvumbuzi Dean Kamen, aliyeasisi jumuiya ya FIRST mwaka 1989, alipata mfano wa mashindano ya roboti ya vijana, ambayo yalianza mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya New Hampshire yakiwa na timu 28. Miaka 25 baadaye, mwaka 2017, vijana wa nchi zaidi ya 150, wa Afrika ya Mashariki wakiwamo, walikutana Washington kushindana kwa roboti walizoziunda wenyewe. Flowers aliwausia vijana hao dasturi moja iliyo bora kuliko vikombe vyote: shindana kwa nguvu zako zote, lakini mpinzani wako akikatikiwa na waya, mkopeshe wako.

Na ni nani ahitajiye kufundishwa thamani ya vikorokoro kuliko sisi? Kizazi baada ya kizazi, watoto wa bara na wa pwani wameunda vigari vya waya vyenye magurudumu yaliyochongwa katika kandambili kuukuu, vikiwa na usukani wa waya mrefu unaomwezesha dereva kukiendesha kigari chake akiwa amesimama wima, na magurudumu ya mbele yakageuka kweli kweli kila usukani ugeukapo. Huo ni uhandisi, wala hapakuwa na mtu mzima aliyeufundisha. Tatizo ni kwamba mtoto yule, afikapo kwenye lango la shule, hutakiwa akiache kigari chake nje. Mjini Arusha kituo cha Twende, ambacho miongoni mwa waasisi wake ni Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyejulikana kwa kuunda vyombo vya manufaa kutokana na baiskeli kuukuu, kimeishika njia iliyo kinyume cha hiyo: wanafunzi hupewa zana, hutakiwa watafute shida iliyo katika maisha yao, na huunda cha kuitatua. Tanzania nzima nayo, tangu 2012, imekuwa na maonesho ya wanasayansi vijana wa sekondari, na mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Mlango, basi, umefunguliwa. Lililobaki ni kuingia kwa adabu ya kazi yenyewe.

Nasema adabu, kwa sababu zipo taksiri tatu ziwezazo kuiharibu kazi hii. Ya kwanza ni ya walimu wakuu na wafadhili: seti ya thamani hununuliwa, hupigwa picha, kisha hufungiwa kabatini isije ikapotea kipande, nayo huzeeka humo bila ya kuguswa; kifaa kisichoruhusiwa kuharibika hakiwezi kumfundisha mtoto. Ya pili ni ya watu wazima wapendao ushindi, ambao usiku wa kuamkia shindano hukaa chini wakaimaliza roboti ya watoto kwa mikono yao, wakampa mtoto kikombe na wakamnyang'anya elimu. Ya tatu ni ya mazoea: kundi likiwa na wavulana na wasichana, bisibisi hujikuta mkononi mwa mvulana na daftari mkononi mwa msichana, na mwalimu asiyekuwa macho ataapa kwamba wote wameshiriki. Dawa ya hizo zote ni moja, nayo ni zamu: kila mkono uguse kila chombo, na mkono wa mtu mzima ukae mfukoni.

Msomaji aliye mzazi, au mjumbe wa kamati ya shule, asingoje shehena kutoka ng'ambo. Aende kwa fundi redio wa mtaa wake, amwombe mota za deki mbovu na za printa zilizokufa, swichi, spika na nyaya. Amwombe na mwenyewe fundi huyo aje Jumamosi moja kwa mwezi, kwa kuwa ujuzi alionao wa kutafuta kosa kwa subira ni elimu tuliyoizoea hata hatuihesabu. Awaonye watoto wasiguse umeme wa ukutani, bali watumie betri ndogo. Kisha awape kazi iliyo na maana na awaache wahangaike nayo. Shule iliyo na chumba kimoja, fundi mmoja mkarimu na gunia la vyuma chakavu haina udhuru wa kuwanyima watoto wake karakana.